Salamu Kabla ya Dira

Ngojeni kwanza nivute pumzi, maana habari hii nikiimwaga kwa mpigo mtaambulia vipande. Mwasiti alikuwa amefika! Mwasiti huyu huyu wa Bondeni, mtoto wa kwanza wa kule kuvaa joho la chuo na kupigwa picha nalo mpaka kitambaa kikachoka, alikuwa amekaa kwenye kiti cheupe cha plastiki, mbele kabisa, chini ya turubai ambalo mwisho wake hauonekani. Na alikuwa anasubiri kusikia kesho. Siyo ile kesho ya Jumatatu ikiisha inakuja Jumanne, hapana. Kesho yenyewe. Ile nzima.

Kesho ilikuwa kwa Mstaafu. Mstaafu ndiye aliyewahi kuongoza nchi ile, kwa muda mrefu hadi watoto wakadhani Rais ni jina alilopewa na mama yake. Halafu akaondoka madarakani kwa amani, akaenda kukaa kwake kilimani. Huko kilimani, asubuhi moja, anapiga zake mswaki dirishani, akaliona Bonde lote jinsi litakavyokuwa: reli itapita wapi, ziwa la kuchimbwa litakaa wapi, mji mpya utaanzia kwenye jiwe gani. Wakaiita Dira. Kabla Mzee hajamaliza kusukutua mdomo, kamati ya maandalizi ilishafika Bondeni na ndoo za rangi, ikapiga X nyekundu kwenye kila nyumba, kila zizi, kila kaburi, na kwenye pipa la mbegu la Shangazi Kidawa, ubavuni, X kubwa inayochuruzika.

"Msipande, msijenge, msiezeke," kamati ikasema, "mpaka Dira itamkwe na Mzee mwenyewe. Mtu asije akapanda mahindi katikati ya stesheni."

Na mvua ilikuwa imeshaanza kunukia. Basi watu wa Bondeni wakakaa, wakaangaliana, wakamtazama Mwasiti.

"Wewe una elimu, una simu, una mdomo," Shangazi Kidawa alimwambia, huku anamvuta sketi ikae sawa kama vile anampeleka darasa la kwanza. "Hatutaki mengi sisi. Akishatamka tu, tupigie. Tupande au tuhame? Basi."

Kwa hiyo mwoneni sasa, simu mkononi, namba ya Shangazi tayari, kidole kinaelea juu ya kitufe cha kijani. Mstaafu anapanda jukwaani. Watu wote wamesimama, spika zinapiga mluzi, mtu mmoja anapiga makofi peke yake kwa sababu wenzake wameshaacha. Mzee ni mwembamba, msafi, suti ya Kaunda imepigwa pasi mpaka inang'aa mikunjo. Anashika maiki. Anakohoa. Mwasiti anahisi moyo umehamia masikioni.

"Mheshimiwa Waziri unayeshughulikia Mabonde," alisema Mstaafu. "Mheshimiwa Naibu Waziri. Waheshimiwa Makatibu Wakuu mliopo..."

Ah. Salamu. Hilo halikumshtua mtu. Nani asiyejua kwamba mgeni rasmi haanzi na neno lake? Anaanza na watu, kwa vyeo, kutoka juu kwenda chini, na wananchi wanakuwa wa mwisho. Akichoka anasema itifaki imezingatiwa, watu wanacheka kwa nafuu, shughuli inaendelea. Mwasiti akaingoja hiyo sentensi kama mwanafunzi anavyongoja kengele. Na ikaja! Mstaafu alifika kwa wakuu wa idara, akafuta jasho, akatabasamu, akasema, "Naomba niseme tu kwamba itifaki imezing..."

Hapo ndipo mshereheshaji, Bwana Chambuso, mtu mwenye tai pana na mgongo uliozoea kuinama, alipotoka mbio pembeni akaenda kumnong'oneza. Lakini maiki ilikuwa wazi, tukasikia turubai zima.

"Samahani Mzee. Haijazingatiwa."

"Haijazingatiwa na nani?"

"Na yeyote, Mzee. Tumefuatilia. Aliyekutangulia alisema imezingatiwa. Aliyemtangulia yeye naye alisema imezingatiwa. Tumerudi nyuma mpaka mkesha wa uhuru. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeizingatia. Watu hawa hawajawahi kusalimiwa, Mzee. Hata siku moja."

Mstaafu aliitazama meza kuu, ambayo ilianza hapo miguuni pake ikaenda, ikaenda, ikapinda kwenye ukungu kule mbele na chupa zake za maji na maua yake ya kitambaa.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni wewe, Mzee."

Akaanza upya.

Mwasiti alipiga simu nyumbani. "Shikamoo Shangazi. Bado anasalimia."

"Marahaba. Aah, heshima hiyo, usimlaumu. Sisi tupo, mbegu tumezianika, mvua imeshafika kwa jirani. Unasikia kelele? Ni kichanga changu Sikudhani huyo, anaota meno, hatulali humu ndani."

Jirani wa Mwasiti, mama mmoja wa makamo mwenye kilemba cha manjano, alimgusa bega. Jina lake Mama Mbonea, naye alitumwa na watu wa bonde lake, bonde jingine kabisa, kwa swali lile lile.

"Umekuja leo?" akauliza.

"Leo asubuhi."

"Na mimi nilikuja leo asubuhi," alisema Mama Mbonea, akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Usinitolee macho, mdogo wangu. Utaona. Mimi siku hizi nasubiri soda tu."

Mwasiti hakumwelewa. Akampuuza. Watu wazima wana maneno yao. Mstaafu alikuwa amefika kwa wakurugenzi, anakwenda vizuri, sauti imetulia. Mwasiti akaona apige tena, awape moyo. Simu ikapokelewa na kisauti kidogo, chenye adabu.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mimi Mwasiti. Wewe nani?"

"Sikudhani."

"Acha utani. Sikudhani anaota meno."

"Ya mbele nimeshang'oa, da Mwasiti," kisauti kikasema. "Subiri nimwite mama, anafukuza kuku kwenye mbegu juani. Mzee amesema?"

Mwasiti alitazama barafu kwenye ndoo ya soda. Haikuwa imeyeyuka. Jua lilikuwa pale pale, kwenye tundu lile lile la turubai, asubuhi ile ile. Kule Bondeni miaka ilikuwa inakwenda, hapa salamu zilikuwa bado hazijafika kwa makatibu tarafa. Mama Mbonea alimpapasa goti, taratibu, kama unavyompapasa mfiwa.

Na kilichoua kabisa, jamani, ni kwamba meza kuu yenyewe haikutulia. Mstaafu anamtaja Waziri, Waziri anatenguliwa jina likiwa bado linatoka kwenye spika. Anaingia mwingine, lebo ya duka inaning'inia kwenye koti, anakaa kiti cha moto. Huyo mpya yuko juu kuliko wote walioshasalimiwa, sasa utamsalimia vipi chini ya watu wake? Bwana Chambuso anainama, ananong'ona, Mstaafu anafumba macho, anarudi juu kabisa. Ilikuwa kama mtu anayepaka rangi ghorofa kutoka juu kushuka, na mafundi wanazidi kuongeza sakafu kichwani kwake. Hakulalamika. Wala hakuna aliyelalamika. Nani asimame aseme nini? Ukisimama umemkatisha, ukimkatisha anaanza upya.

Hapo ndipo swali lilipomwingia Mwasiti, likakaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu yupo kabla ya kutajwa, au anaanza kuwepo anapotajwa? Chuoni walishawahi kubishana jambo la namna hiyo, wakacheka, wakaenda kula chipsi. Sasa aliliona kwa macho. Kila jina lililotoka kwenye spika lilimshukia mwenyewe kule meza kuu kama koti zito: mtu ananenepa kidogo, kivuli chake kinakolea kwenye kitambaa cha meza, anakohoa kikohozi cha mtu aliyepo. Na ambao hawajatajwa? Alitazama goti lake mwenyewe akaona weupe wa kiti unapita katikati yake, hafifu, kama unavyoona kokoto chini ya maji. Akamtazama Mama Mbonea, akaona kupitia kilemba cha manjano nguzo ya turubai na kamba yake. Akageuka nyuma. Viti vyeupe vilikwenda mpaka macho yakakoma, na juu ya viti kulikuwa na watu wengi sana ambao ungeweza kuwadhania joto linalopanda kutoka ardhini.

Tuko. Hatuko. Tutakuwepo akitufikia. Asije akatufikia ameshachoka. Wananchi ni wa mwisho, baada ya viongozi wa dini, baada ya vyombo vya habari, baada ya kikundi cha ngoma. Ni haki, lazima mtu awe wa mwisho. Lakini kesho ni ya nani? Mwenye nayo anawapa waliotajwa, na waliotajwa hawana shamba. Waliotajwa wana chupa za maji. Mwenye shamba hajafikiwa. Hajafikiwa ndiyo nini? Ndiyo kutokuwepo? Na asiyekuwepo anaulizaje kama apande?

"Wewe binti!" Ilikuwa sauti ya Bwana Chambuso. "Ndiyo, wewe mwenye simu. Mpelekee Mzee maji."

Wee! Mwasiti aliruka. Ni yeye, kati ya halaiki ile yote! Alikwenda juu ya zulia jekundu, chupa mikononi, miguu haigusi chini. Mstaafu alikuwa ameishikilia meza ya hotuba kama mtu anayeshikilia mlango. Kwa karibu alikuwa mzee kweli kweli, na pembe za midomo zilikuwa zimekauka nyeupe.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Bwana Chambuso aligutuka kule pembeni. "Hiyo haihesabiki!" aliitangazia meza kuu. "Wamekutana njiani tu!"

Mstaafu alikunywa. Mwasiti akasogea, maneno yanamtoka kwa kasi kama maji ya bomba lililopasuka. "Mzee, Dira unayo kweli? Maana kwetu wanasema unayo, na tumepigwa X mpaka kwenye pipa."

"Ninayo." Aligusa koo lake kwa kidole. "Imekaa hapa. Ni fupi, mwanangu. Ningepewa nafasi ingekwisha kabla chai haijapoa. Nikifumba macho naona mpaka kutu kwenye mabati ya hiyo stesheni, na mama mmoja anauza ndizi, na chenji anayorudisha."

"Uliiona ukiwa bado unatawala?"

"Nilipokuwa natawala sikuona kitu. Kule mbele yako ni migongo ya walinzi tu. Walipoondoka wote nikabaki na mswaki, ndipo nikaona mbali."

"Basi niambie mimi. Sikioni tu, hakuna atakayejua. Tupande au tuhame?"

Mstaafu alifungua mdomo. Mwasiti aliliona neno, angeweza kuapa aliliona, limekaa kwenye ncha ya ulimi, dogo, lina umajimaji. Alisogeza sikio. Kisha macho ya Mzee yakapanda, yakapita juu ya kichwa chake, yakaenda meza kuu, na neno likarudi ndani.

"Nikikwambia wewe kwanza," alisema, "Waziri nitamweka wapi?"

"Mweke pembeni!"

"Sijui kumweka pembeni, mwanangu." Alisema kwa sauti ya mtoto aliyefungiwa nje. "Watu wanadhani nilikuwa na nguvu zote. Nilikuwa na mpangilio tu. Ukiuvunja huo, mimi mwenyewe sijui niko wapi."

Akamrudishia chupa tupu. Akaanza tena, kutoka juu.

Mwasiti alirudi kwenye kiti chake akakuta cha Mama Mbonea kiko wazi. Alimtafuta kwa macho mpaka akamwona: meza kuu, kilemba kipya, kivuli kizito. Walikuwa wamemteua akiwa anasubiri soda. Mama Mbonea alimpungia mkono kidogo, mara moja, kama mtu anayepunga kutoka kwenye gari la mwajiri. Hakucheka tena.

Simu ikalia. Safari hii alikuwa Shangazi Kidawa mwenyewe, sauti imekwaruzika, imepungua.

"Mwasiti. Nisikufiche. Tumekula mbegu."

"Zote?"

"Tulianza na zile zilizotobolewa na wadudu. Tukasema hizi hazioti hata hivyo. Tukaja tukala na nzima. Zimebaki nilizofunga kwenye pindo la kanga."

"Jamani Shangazi, si mngepanda tu!"

"Na X hiyo? Ndauka alipanda. Wakaja wakang'oa, wakamwambia amelima katikati ya uwanja wa ndege." Alicheka, halafu kicheko kikageuka kikohozi kikavu. "Sikudhani ana mimba kubwa, hana cha kula asubuhi. Mvua hii ndiyo ya mwisho nitakayoweza kuingojea, mwanangu. Mawingu yamekaa mlimani yanatutazama. Ikipita, hizi nilizofunga zinaingia sufuriani na hapatakuwa na la kuuliza tena. Usisubiri kutajwa. Simama. Uliza. Swali letu si refu."

"Nitauliza."

"Apa."

"Haki ya Mungu, Shangazi. Nauliza."

Na kama vile mtu alikuwa anasikiliza, sauti ya Mstaafu ikakatika. Ilikwama kwa afisa mmoja wa mifugo, ikakwaruza, ikazima. Alifungua mdomo pasitoke kitu. Wakamkalisha, wakampepea na ratiba ya shughuli. Turubai zima likashusha pumzi, na Bwana Chambuso, ambaye hakuwahi kuacha maiki ikapoa, akaidaka.

"Mabibi na mabwana, wakati Mzee anapumzisha koo, kwa heshima kubwa na taadhima, namwalika mwakilishi wa vijana kutoka Bondeni atupe neno moja. Moja tu! Dada yetu Mwasiti! Makofi ya kilo tafadhali!"

Jina lake. Kwenye spika. Lilitoka huku na huku, likagonga nguzo, likamrudia, likamshukia. Jamani, niwaambieje? Goti likawa goti. Damu ilirudi mikononi kwa vishindo. Chini ya miguu yake kivuli kilijimwaga cheusi, kizuri, na watu wakageuka kumtazama, na walipomtazama akazidi kuwepo. Hajawahi kuwepo namna ile tangu azaliwe. Alitembea kwenda jukwaani akiiacha simu wazi, sauti juu kabisa.

"Shangazi usikate," alisema mbio mbio. "Waite watu. Naongea sasa hivi. Namuuliza hapa hapa mbele ya wote."

"Kimyaaa!" alimsikia Shangazi akipiga kelele kule. "Njooni wote! Mwasiti anaongea na wakubwa!" Na akasikia miguu, na milango, na nyuma ya hayo yote akasikia mvua, imeshuka mlimani, inapiga mabati ya Bondeni kwa matone mazito.

Alishika maiki. Mstaafu alikuwa kitini, hatua chache kutoka hapo, anamtazama kwa macho mekundu yenye maombi. Alikuwa anamsihi aulize. Mwasiti aliona hivyo kabisa: Mzee alikuwa anataka kuulizwa, kwa nguvu, na mtu yeyote, bila utaratibu wowote. Swali lilikuwa kwenye meno yake, tayari, maneno matatu. Alivuta pumzi. Alifungua mdomo.

"Mheshimiwa Rais Mstaafu," alisema Mwasiti. "Mheshimiwa Waziri unayeshughulikia Mabonde."

Hapana, alijiambia. Uliza.

"Mheshimiwa Naibu Waziri. Waheshimiwa Makatibu Wakuu mliopo."

Sauti ilikuwa yake na haikuwa yake. Ilitoka imenyooka, ya kusoma, ile sauti iliyompa zawadi shuleni, na kila aliyemtaja alimwinamishia kichwa, na kila kichwa kilichoinama kilimwongezea uzito akazama kidogo zaidi kwenye zulia. Alijaribu kuuma ulimi. Ulimi ukasema, Waheshimiwa Wakurugenzi. Alijaribu kunyamaza, ikawa kituo kizuri tu, cha msemaji aliyebobea. Mstaafu alifumba macho. Midomo yake mikavu ikaanza kucheza taratibu, ikifuata majina pamoja naye.

Bwana Chambuso akamgusa kiwiko. "Umemruka Mheshimiwa mwenye kilemba, dada. Ni mteule mpya. Rudi juu."

"Samahani sana," alisema Mwasiti, akarudi juu.

Na simu ikalipuka. Alidhani ni matusi. Alitamani yawe matusi, amwambie mtu anyamaze, mtu amzomee, mtu aikate. Vilikuwa vigelegele. Bonde zima lilikuwa limeizunguka simu, wake kwa waume, wanapiga vigelegele na makofi, na juu ya wote sauti ya Shangazi Kidawa iliyojaa machozi ya furaha. "Hivyo hivyo, mwanangu! Msikieni anavyowapanga! Usimruke mtu! Wasije wakasema wa Bondeni hatuna adabu!"

Nyuma ya vigelegele matone yalikuwa yanapungua. Aliyasikia vizuri, kwa kuwa ameyakulia: kwanza mngurumo, halafu mchapo, halafu tone na tone, mpaka ungeweza kulitenga moja na jingine.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Mwasiti, machozi yanamtiririka na sauti haitetereki hata chembe. "Mheshimiwa Naibu Waziri."

"Endelea, mama," Shangazi alisema. "Tunasikiliza."